Nilichofanya Kwenye Chumba Alichofia Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na usishangae kwamba nakuandikia mambo yakiwa yameshatulia, maana kilichonileta si ugomvi, ni neno moja lililonikaa kooni. Mimi ni mshonaji wa mapazia, mume wangu ni dereva wa lori, na kwa miaka miwili na nusu chumba chetu cha kulia kilikuwa chumba cha mama yake, aliyepooza upande mmoja asiweze kupanda ngazi, basi tukatoa meza tukaweka kitanda, na mimi ndiye niliyemwogesha, niliyemlisha uji kwa kijiko, niliyembadilisha nguo, cherehani ikiwa pembeni yangu ili kazi za watu zisilale.

Alipofariki, mume wangu alifunga mlango ule asiufungue tena, miezi minane mizima, sisi na mabinti zetu wawili tunakula sebuleni sahani mapajani, bakuli la mchuzi sakafuni, na nikigusia tu anasema, "Tutaona, mama watoto," kisha anatoka kwenda kukagua matairi ambayo alishayakagua.

Mwezi uliopita alipopata safari ya siku kumi na mbili nikasema potelea mbali, nitamshangaza, nikafungua. Kitanda nikakipeleka zahanati, nikakwangua ukuta uliokuwa na madoa ya dawa, nikaupaka rangi ya maziwa mara mbili, nikashona mapazia mazito ya kijani, nikairudisha meza kutoka stoo na kuisugua kwa msasa hadi vidole vikachubuka, na kila alipopiga simu akauliza, "Mbona unahema?" nilimjibu kwamba napanda ngazi. Siku ya tisa wifi yangu akapita, akasimama mlangoni, akasema, "Hata mwaka haujaisha, umeshamfuta mama yetu kwa brashi!" akaondoka bila hata kunywa maji. Nikaona kweli, nimefanya nini mimi, mtu anarudi kwake anakuta kitanda cha mama yake hakipo, na namna ya kukirudisha sina.

Alirudi Jumamosi saa sita mchana, nikamshika mkono nikamfungulia mlango. Akasimama. Akagusa ukuta, akavuta kiti akakaa, akajifunika uso kwa kofia yake, mabega yakitikisika, nami nikaanza kuomba radhi mbiombio hadi akaninyamazisha.

"Acha, mke wangu. Mimi niliogopa kukuomba ufungue humu, kwa sababu wewe ndiye uliyechokea humu. Nilidhani unakichukia chumba hiki."

"Na mimi nilidhani unakilinda," nikamwambia.

Tukacheka huku tunalia, mabinti wakaja kuuliza kuna nini, wakaambiwa walete sahani, tukala mezani sote wanne, yule mdogo akidai kila mtu aombe chumvi kwa adabu kama hotelini. Sikumbuki lini chakula kilinishuka vizuri namna ile.

Tatizo likaja hapo hapo. Katikati ya kula mume wangu aliniambia, "Najua hata wewe umemkosa sana," nikaitikia kwa kichwa. Ni kweli nimemkosa, lakini asubuhi ile alipokata roho, kitu cha kwanza nilichohisi, kabla ya machozi, ni kupumua, kama mtu aliyetuliwa gunia, na sijamwambia mtu yeyote. Je, nimwambie mume wangu, au nitaharibu raha tuliyoipata? Na wifi nimfanyeje?

Mshonaji mwenye neno kooni

MSHAURI ANAJIBU

Mshonaji, kwanza pole, tena pole ya kweli. Miaka miwili na nusu ya kuogesha mtu mzima si mchezo. Kupumua mzigo unaposhushwa si kumtakia mtu kifo. Wanaouguza huniandikia hilo hilo, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake duniani.

Sasa nikuvute sikio. Kitanda cha mama wa mtu hakitolewi kimyakimya! Umebahatika, basi. Ungemuuliza swali moja tu, yeye naye angekuuliza moja, mngekuwa mmekula mezani miezi saba iliyopita. Nyumbani kwenu kila mtu anamhurumia mwenzake kimoyomoyo na hakuna anayefungua mdomo. Rangi haitibu hilo.

Kwa hiyo mwambie. Si kwa simu akiwa barabarani, wala si mbele ya mabinti. Mwambie akiwa ameoga, ameshiba, na uanze hivi: "Mama yako nilimpenda, na alinichosha." Yote mawili kwa pumzi moja. Na usishangae akikujibu kwamba naye alipopata habari ile alipumua vilevile.

Wifi usimwandikie ujumbe mrefu. Mpigie, mwalike Jumapili, mpe kiti, mwache aseme yote bila kumkatiza. Alikuja mara ngapi kumwogesha mama? Usimuulize. Jibu analo, na nadhani ndilo lililompandisha sauti pale mlangoni. Kumweleza kwamba chumba kile sasa ni cha watu walio hai ni kazi ya kaka yake, si yako.

Na Jumapili hiyo usiinuke kila dakika kukimbilia jikoni. Umeuguza, umezika, umepaka rangi. Kaa wewe, wengine wapakue.