Jina Alilotuachia

Jumamosi, 12 Julai. Masasi

Nimepiga pasi koti la Inspekta Neema tena. Cheche ya mkaa imeruka begani, tundu dogo. Nimeliziba kwa ndani, kamera haitaona. Sare za shule za watu zimelala juu ya cherehani, mimi nahangaika na koti la mtu asiyekuwepo duniani.

Inspekta Neema ndiye mimi. Fundi cherehani, mama Tumaini, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, na sasa mpelelezi. Filamu ni ya Hamza, yule anayepiga picha za harusi hapa mjini. Anataka tumwite Dairekta. Haya, Dairekta. Hadithi yake: kundi la watu wa hapahapa nchini, si wageni, linakusanya vijana porini na kupanga kuchoma stendi. Mimi nawatafuta. Mwisho nampiga risasi mkubwa wao.

Mkubwa wao anaigizwa na Fundi Bakari, mchomeleaji wa mageti. Mmakonde wa Newala, mpole mpaka unamwonea huruma. Bastola yangu kaitengeneza yeye, kwa kipande cha bomba. Nzito kuliko watoto wangu wawili walipozaliwa. Nimemwambia Hamza huyu hafai, hawezi hata kumfokea mbuzi. Hamza kasema ngoja uone.

Jumapili, 13 Julai. Mnyambe

Ibada nimeikosa. Mama atanisema mpaka Krismasi.

Tumejenga kambi ya magaidi ndani ya mikorosho: vibanda vya nyasi, uzio wa makuti, vijana wamevuliwa mashati. Wanawake waliokuwa wanakuja na kuni wakasimama mbali, wakashusha macho, wakageuza. Baadaye njia yote ikahamia upande wa pili wa shamba. Sikuelewa mpaka mzee mmoja alipokuja kumuuliza Hamza ngariba wetu ni nani na mbona hatukupeleka taarifa kwa wazee. Kumbe! Walidhani ni jando. Julai, vijana, vibanda vya nyasi, wangedhani nini kingine? Tumecheka mpaka machozi. Baadaye sikucheka tena. Wewe fikiria: mtu mbaya akijenga hivi huku kwetu, hakuna mwanamke atakayesogea. Tutampisha kwa heshima zote.

Halafu Bakari akaigiza.

Kwenye karatasi ya Hamza, Mkubwa anapiga kelele, anatukana serikali, anapunga panga. Bakari hakupunga kitu. Aliketi chini na wale vijana. Akamuuliza wa kwanza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umekula?" Akamgawia muhogo. Akamuuliza nani kule kwao anamwamkia. Nani anamngoja. Taratibu, taratibu. Mwisho akasema sisi tutakungoja, akainuka, akaondoka bila kugeuka nyuma. Na vijana wote wakainuka wakamfuata! Haikuandikwa hivyo. Hamza akasahau hata kusema kata.

Ningekuwa kijana ningemfuata mimi pia. Nasema ukweli, hapa hakuna anayesoma.

Jumatatu, 14 Julai

Nimekata suruali ya mteja mguu mmoja mfupi. Kichwani ni "umekula" tu.

Ile haikuwa ya kubuni. Mtu akibuni anasita, anatafuta. Yeye hakutafuta neno hata moja. Alisikia wapi?

Jumatano, 16 Julai

Nimeshindwa. Nimekwenda karakana kwake nikisingizia bawaba ya dirisha. Nimemuuliza kwa utani, maana sisi Wayao na wao ni watani na mtani haulizwi kwa nini anauliza: wewe Mmakonde, ule uganga wa maneno umejifunzia wapi? Akaishusha miwani yake nyeusi ya kuchomelea usoni. "Nilibuni tu, mama Tumaini." Akaendelea kuchomelea. Cheche kibao, maneno hakuna.

Mama anayekaanga mihogo pale jirani ni redio ya mtaa mzima. Kasema Bakari aliishi miaka ng'ambo ya Ruvuma. Karudi ghafla, mikono mitupu. Ukimuuliza habari za kule anakumbuka kazi.

Kule ng'ambo tunajua yaliyotokea, magaidi wa porini wakichoma vijiji. Watu wamevuka wakiwa na watoto mgongoni na sufuria moja.

Naogopa. Naandika hivyo hivyo: naogopa. Kama ni mmoja wao, kaketi katikati yetu anatuchomelea mageti, na siku stendi ikiwaka kweli nitakuwa nilijua nikanyamaza. Na kama si mmoja wao, nikapeleka jina lake kwa wakubwa wa polisi? Mtu akishatajwa kwa jambo hili, hata akiachiwa kesho, nani atampa tena geti? Nani atamwozesha? Neno langu moja tu. Inspekta Neema angejua la kufanya. Huyo anaandikiwa.

Sitasema kwanza. Nitatafuta.

Ijumaa, 18 Julai. Newala

Nimepanda Newala. Baridi, ukungu mpaka mlangoni, nimejifunga kanga mbili. Nimesingizia kutafuta vitambaa. Nikauliza kwao Bakari mchomeleaji, nikaonyeshwa bila shida.

Bodaboda iliposimama uani, kabla sijashuka, sauti ya mama mtu mzima ikatoka ndani: "Chakupewa? Chakupewa, ni wewe?"

Nikapiga hodi, nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema, na uso wake ukafungwa kama dirisha. Si mimi aliyemtaka.

Hakuniuliza nafuata nini. Alinipa ming'oko ya moto, vile viazi vya porini, na chumvi. Nikasema natoka Masasi, namfahamu mwanao Bakari. Kasema mwambie aje, paa la jikoni linavuja. Basi. Nikatafuta la kuuliza, nikaona aibu. Nimekula chakula cha mama wa watu nikimpeleleza mwanawe. Hovyo kabisa.

Lakini jina nimelipata. Chakupewa. Ndilo jina la Bakari la utotoni, kabla ya jando. Kesho tunapiga sehemu ya mahojiano, mimi na yeye mezani. Nitalitumia. Nione uso wake bila ile miwani.

Jumamosi, 19 Julai

Mimi ni mjinga. Sina neno jingine.

Kila mtu wa huku anajua. Kijana akitoka jando jina la utoto limekufa. Kumwita nalo ni kumvua nguo hadharani. Watu wamepigana kwa hilo, ndugu wa tumbo moja. Mwanamke, tena si wa ukoo, mbele ya vijana wadogo! Nilijua. Nilifanya makusudi, nikajiambia ni upelelezi.

Tumekaa mezani, kamera inakwenda. Nikainama nikamwambia, "Sema kweli, Chakupewa."

Nilitegemea hasira. Alinyanyuka kiti kikaanguka. Lakini hakunitazama mimi. Aligeuka akatazama mlangoni. Kama kuna mtu kaingia. Kisha akatoka, akaenda zake, na nguo za Mkubwa mwilini. Hamza anapiga makofi: kali sana hiyo, kali! Nusura nimrushie bastola.

Sasa nimekaa hapa ndipo akili inarudi. Mama gani wa Kimakonde anamwita mwanawe mtu mzima kwa jina la utoto, kwa sauti, mpaka njiani? Hakuna. Si jina la Bakari.

Jumapili, 20 Julai

Bakari amekuja baada ya ibada. Mama yangu alikuwepo, kamwekea kiti kivulini na chai. Mimi nikaanza kuomba radhi, nikachanganya maneno, akaniinulia mkono ninyamaze.

Chakupewa ni mdogo wake. Saidi, jina la ukubwani. Walivuka pamoja kwenda kuchoma mkaa. Jioni moja akaja mtu kibandani kwao, mstaarabu, akakaa chini nao. Akawauliza kama wamekula. Akaleta muhogo. Akauliza nani anawaamkia kwao, nani anawangoja. Bakari anayakumbuka yote, kama sala. Mtu alipoinuka, Saidi akainuka.

Nikamuuliza, na wewe? Swali la ovyo, lakini limenitoka.

Akasema, "Mimi nilikuwa sijamaliza kula."

Hivyo tu. Anasema hajui hadi leo kama angemaliza mapema angefanyaje. Alivuka kurudi peke yake, akawaeleza wakubwa wa mpakani kila kitu. Waliandika. Mama yao anajua. Jina la ukubwani, anasema, Saidi aliondoka nalo. Hili la utoto alituachia. Ndiyo maana pikipiki ikisimama mama anaita hilo.

Na kumbe nikataka kumpeleka mtu huyu kwa wakubwa. Nimelia mbele yake, sikujificha.

Kilichomleta kwenye filamu ya Hamza ndicho hicho. Vijana wa porini nao wana simu, wanarushiana filamu. Alitaka Saidi asikie maneno yale kutoka kinywani mwa kaka yake, ajue kuna aliyeyakumbuka. Sasa anataka jambo moja zaidi. Kampigia mama yake, mama karuhusu. Bila yeye lisingewezekana.

Jumanne, 22 Julai. Mnyambe

Tumegombana na Hamza asubuhi nzima. Anataka damu. Ameshanunua rangi! Filamu ya upelelezi bila mtu kupigwa risasi nani ataangalia? Nikamwambia atafute Inspekta mwingine na koti ashone mwenyewe. Kalegea.

Kijana anayeigiza mfuasi wa mwisho naye kagoma: nikiitwa jina la kitoto kwenye filamu, mtaani nitaishije? Bakari kamwambia wewe kimbia tu, jina si lako.

Basi. Vijana wengine wamejisalimisha, Mkubwa amefungwa pingu, mmoja anatokomea kwenye mikorosho. Ninanyoosha bastola. Ninaishusha. Ninaita: "Chakupewa! Umekula? Rudi nyumbani."

Mara moja tu tukapiga. Bakari alisimama nyuma ya kamera na pingu mikononi, kageuka upande mwingine. Hamza kasema kata, kwa sauti ndogo. Yule mzee aliyeuliza ngariba wetu alikuwa anatazama kutoka njiani. Alivua kofia.

Alhamisi, 28 Agosti. Newala

Filamu imetoka. Inatembea kwenye simu za watu. Kule Masasi wananiita Inspekta, mpaka mwenye duka la vifungo. Wengine wanalalamika mwisho wake, mpelelezi gani haui? Kuhusu Saidi, kimya.

Leo tumepanda na Bakari, kaja kuziba lile paa. Tumemwekea mama yake filamu, simu nimeiegemeza kwenye kinu. Alitazama bila kupepesa. Mwanawe alipowauliza vijana kama wamekula, akashika shavu. Ilipofika sauti yangu ikiita, akatikisa kichwa.

Nikadhani nimemuumiza. Kasema, "Siyo hivyo. Unamwita kama askari."

Akainuka, akasimama mlangoni pa jiko, mkono mmoja kwenye mhimili, akamwita. Jinsi alivyokuwa anamwita kula. Mwisho wa jina anauvuta, anaupandisha, kisha anauachia. Jirani wa pili akatoka nje kutazama. Bakari juu ya paa aliacha kugonga.

Nikamuomba aite tena, nikairekodi.

Jumamosi, 30 Agosti. Masasi

Hamza ametoa sauti yangu mwishoni, kaweka ya mama. Mdomo unacheza wangu, sauti si yangu. Haifanani hata kidogo. Ameuliza kama watu hawatacheka. Nimesema acha wacheke. Imerushwa upya leo asubuhi.

Korosho zimetoa maua, mji wote unanuka salfa wanayoipulizia. Nimerudi kwenye sare. Koti nimelitundika nyuma ya mlango.

Pikipiki imesimama nje. Nimeacha cherehani, nimeinua kichwa.

Ni mteja amefuata suruali yake.