Nilifungua Mkebe wa Unga wa Mke Wangu

Mama Ndaya wa redio, naomba msaada wako, na usinikasirikie kabla hujafika mwisho. Mimi ni dereva wa draisine, ile gari ndogo ya reli, hapa Kamina, lakini tangu vita hii ianze mazut ya injini haifiki na nimekaa tu nyumbani, wakati mke wangu Élisa, mwalimu wa kemia, anatoka kila asubuhi kwenda karakana ya reli kutengeneza mafuta ya injini kutoka mawese, na hayuko peke yake, yuko na Séraphin, fundi mwenye meno meupe na kucheka kwingi. Wana unga wao, oksidi ya zinki iliyochanganywa na chokaa iliyochomwa, wanauita kichocheo, unafanya mawese na alkoholi yageuke mafuta upesi na wenyewe hauliwi, wakimaliza wanauosha, wanauchoma kwenye moto mkali wa mhunzi, wanautumia tena. Mama, unga huo unatajwa mezani kwangu kuliko jina langu! Nilipolalamika, Élisa alinijibu, "Weye unaonaka wivu bule tu. Séraphin iko na mukono muzuri, anajua kusaga ule unga kupita miye." Mkono mzuri! Siku moja ya mvua nikampelekea chakula karakana, hawakuwepo, nikaona mkebe umefungwa, na alikwisha kunionya, "Usifungule ule mukebe, hewa ya maji itauua," basi nikaufungua, nikauweka dirishani mchana mzima, kisha nikaufunga. Kesho yake mawese yakabaki mawese. Draisine ilikuwa ipeleke dawa za watoto Bukama, na mimi ndiye ningeiendesha, haikuondoka, na sasa mkuu wa karakana anasema Séraphin ndiye aliyeuharibu unga, ni mtu wa adui, Jumatatu anamkabidhi kwa wanajeshi. Élisa analia, na mimi naona wivu hata kwa machozi hayo. Nifanye nini? Jina langu usilitaje.

Baba dereva, pole kwa kukaa bila kazi, najua inauma. Pole yangu imeishia hapo. Mke wako alikuwa anatafuta njia ya kukurudisha wewe kazini, nawe ukamharibia! Mkono mzuri alioutaja ni wa kusaga unga. Kama ungeona kingine ungeandika, maana hukuficha kitu. Na ulitaka Élisa acheke, mtu asiye na kosa akipelekwa kwa wanajeshi wakati wa vita? Unajua kama mimi kwamba wengine hawarudi. Wivu wako sasa umeshika roho ya mtu, halafu unachukua kalamu kuniandikia mimi badala ya kumwendea mkuu!

Leo ni Jumamosi. Nenda kwa mkuu huyo nyumbani kwake, useme mbele ya mashahidi wawili, "Ni miye nilifungula mukebe." Akikufukuza, fukuzwa. Toka hapo, mwombe Séraphin radhi mbele ya watu wa nyumbani kwake. Unga upeleke kwa mhunzi uchomwe upya, na mvukuto uvute mwenyewe. Unga utapona, umesema mwenyewe huchomwa tena na tena. Séraphin akichukuliwa, hakuna moto wa kumrudisha.

Jina lako sikulitaja. Lakini barua nimeisoma yote hewani kwa makusudi, na Kamina hii draisine ni moja. Élisa ameshasikia. Zima redio, vaa viatu, ufike kwa mkuu kabla ya Élisa.