Kiti cha Mzee wa Harusi

Mtaa wa Tešnjar,
Valjevo, Serbia.
14 Mei 2019

Mpendwa mpwa wangu Desanka,

Pokea salamu za mjomba wako kutoka karakana yangu ya kufua shaba, yenye moshi na kelele za nyundo. Je, kifua kimepona ile baridi ya huko kwako Dresden? Sisi tu wazima, ila mimi usingizi umenipotea.

Mama yako kaniambia umemchagua Ljubiša, baba yako mdogo, awe mzee wa harusi yako, akalie kiti cha heshima. Ljubiša, fundi wa nyaya! Kiti kile ni cha ndugu wa mama tangu dunia iumbwe, na mimi soko zima nimeshalitangazia. Hata kofia nimenunua.

Najua ilipoanzia. Ni siku ile ya Krismasi ulipotueleza utafiti wako mezani: kwamba ndani ya shaba, elektroni zilezile zinazobeba umeme hubeba na joto, lakini katika hiyo metali yako ya ajabu zimesongamana, zinakwenda kwa kusukumana kama kundi moja, hata umeme unapita na joto karibu lote linaachwa nyuma. Ljubiša akanipiga bega: "Umesikia, shemeji? Umeme unasafiri, joto libaki kulinda jiko!" Yaani umeme ni yeye, joto ni mimi. Mkacheka wote. Nawe ulicheka, nilikuona.

Mambo ya joto mimi nayajua tangu kabla hujazaliwa. Mtungi wangu wa shaba wa kupikia rakia, pombe yetu kali ya matunda, ulichemka kwa njiti mbili za kiberiti, padre akalewa kwa harufu tu, naye yuko ng'ambo ya mto Kolubara. Muulize. Ljubiša amewahi kumlewesha nani kwa waya?

Na nani alikupa fimbo ya shaba ukiwa mdogo, ukatia ncha moja motoni, ukaungua kwa ile nyingine? Usomi wako wote ulianzia hapo. Yeye alikuwa wapi?

Basi, harusi ni yako. Akiugua kidogo siku yenyewe ikifika mwezi wa Septemba, sitalia. Lakini lile pipa la rakia nililolifukia siku uliyozaliwa, mahali lilipo napajua peke yangu. Nitalileta, hata mkinikalisha mlangoni na wapiga tarumbeta. Glasi ya kwanza utaipokea mkononi mwangu. Ljubiša asubiri ya pili.

Bibi yako Krunija anakusalimu. Msalimie mchumba wako Henning. Mungu awajalie nyumba yenye jiko lisilopoa.

Akupendaye kuliko Ljubiša,
Mjomba Miladin