Namba Nne

Hartford, Connecticut
11 Machi 1966

Kaka yangu mpendwa Fernand,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi Lucille na watoto. Baba je, kile kikohozi cha vumbi la pamba kimepungua, au bado anabishana na daktari? Kwangu mimi mwili hauna neno, namshukuru Mungu. Theluji imeanza kuyeyuka na barabara ni tope tupu. Najua umeniandikia mara mbili bila jibu. Usidhani nimewasahau. Nilikuwa natafuta namna ya kukueleza jambo moja, na leo nimekaa mezani nikiwa nimeamua kwamba sitainuka mpaka nilimalize.

Nilikwambia wakati wa Krismasi kwamba nimehamishiwa wodi ya Daktari Brandt, anayejaribu kutibu watu kwa kuwatia nyaya kwenye ubongo. Nyaya zenyewe ni nyembamba kama unywele. Huingizwa kupitia matundu madogo kwenye fuvu, na ncha zake huachwa nje, chini ya bandeji. Kila waya una namba. Unauunganisha na kisanduku, unazungusha swichi, na umeme kidogo sana unakwenda mahali fulani kichwani. Namba mbili ilimfanya mgonjwa akunje ngumi hata kama hataki. Namba saba ilimtia hofu mpaka aking'ang'anie kitanda. Namba nne ilikuwa ya raha. Ukiifungua, mtu aliyenuna anatabasamu, anakuona kama ndugu yake wa tumbo moja, na kila unalosema analiona jema.

Mgonjwa wetu alikuwa Casimir Wojtowicz, fundi wa kiwanda cha makufuli kule New Britain, mtu wa miaka thelathini na sita. Aliangukiwa na chuma kichwani kazini, na tangu hapo akawa na kifafa, na pamoja na kifafa, hasira. Siku moja aliubomoa mlango wa jikoni kwa bega, mkewe Bronia akiwa upande wa pili wa mlango. Bronia hakuumia sana, lakini Casimir mwenyewe ndiye aliyeomba kuja hospitali. Alituambia anaiogopa mikono yake. Na alikuwa mtu wa mzaha, Fernand! Asubuhi nikiingia na kisanduku alikuwa akiniambia, "Sista, zungusha taratibu, leo huenda nikashika redio ya Warsaw."

Mwezi wa Januari Daktari Brandt alimweleza kwamba majaribio yametosha. Sasa alitaka kupitisha umeme mkali kwenye nyaya zile na kupaunguza mahali panapozaa hasira, mara moja na kwa maisha yote. Casimir alikataa. Alisema, "Kuwasha na kuzima nimekubali. Lakini kuunguza? Nikijuta baadaye, daktari, nitakuja kukulalamikia kwa kichwa kipi?" Aliulizwa mara tatu, siku tatu mbalimbali, na mara zote akakataa.

Jumanne ya tarehe nane Februari, swichi ikafunguliwa, namba nne. Baada ya dakika tatu daktari akauliza tena. Casimir alicheka kama mtu aliyeletewa habari za harusi. "Unguza tu, daktari! Unguza na nywele ukipenda." Akasaini fomu, nami nikasaini chini yake kama shahidi.

Mchana, raha ilipomwisha, aliiona nakala ya fomu kando ya kitanda. Alipiga kelele akiuliza nani ameandika jina lake. Daktari akamwonyesha kwamba mwandiko ni wake. Casimir akautazama muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mkono ni wangu. Aliyeandika si mimi." Daktari akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amechanganyikiwa na ridhaa yake inabaki palepale. Upasuaji huo wa kuunguza ukapangwa Ijumaa.

Alhamisi niliingia chumba cha mashine inayochora mawimbi ya ubongo, nikaukata ule mkunjo wa karatasi wa Jumanne, nikauficha ndani ya sweta. Karatasi ile ina saa zake. Swichi ilifunguliwa saa tatu na dakika arobaini. Saini, kwa saa iliyoandikwa kwenye fomu, iliwekwa saa tatu na dakika arobaini na tatu, umeme ukiwa bado unapita. Nilimpigia simu Bronia, tukaenda pamoja kwa mkuu wa hospitali tukautandaza mezani kwake. Daktari Brandt aliitwa. Aliniuliza kama najua ninachokiharibu, maana huyu mtu anaweza kuua. Nikamjibu, "Inawezekana, daktari. Basi muulize swichi ikiwa imefungwa."

Upasuaji ulisimamishwa. Wiki mbili baadaye nyaya zilitolewa na Casimir akarudi kwake na kifafa chake. Mimi nimesimamishwa kazi mpaka kamati imalize uchunguzi. Manesi wengine hawanisalimu. Wengine wananiita shujaa, na neno hilo ndilo lililonikalisha leo nikuandikie.

Fernand, nimekuandikia kwamba swichi ilifunguliwa, kana kwamba ilijifungua yenyewe. Niliifungua mimi. Na si hilo tu. Tangu Novemba, Casimir alipogoma kunyolewa au kula, nilikuwa namfungulia namba nne kidogo, bila kuagizwa na mtu, ili niwahi kumaliza kazi zangu. Nilijua inavyomlainisha. Januari, daktari alipolalamika kwamba mgonjwa ni mbishi, mimi ndiye niliyesema, "Mbona rahisi, daktari? Muulize namba nne ikiwa wazi." Nilisema nikicheka. Yeye hakucheka. Alitoa kalamu akaandika.

Kamati haijui. Jumapili nilikwenda New Britain nikamwambia Casimir mwenyewe, mbele ya mkewe. Bronia aliacha kukoroga supu ya kabichi. Casimir akaniuliza, "Zile asubuhi nilizokuchekea, Sista, nilikuwa nacheka mimi, au ilikuwa namba nne?" Nilimwambia sijui. Uso ukamwiva, akasimama, akaniambia nitoke nyumbani kwake, na koti langu akalitupa nje kwenye tope. Bronia aliliokota akanisindikiza hadi barabarani. Alisema, "Usije hapa tena kwa sasa. Lakini hayo uliyotuambia, kawaambie na hao wakubwa."

Jumatatu saa nne nitawaambia. Daktari atayatumia kunigeuzia kesi, na huenda nikapokonywa leseni ya unesi. Nimelipima hilo na sirudi nyuma. Wako wagonjwa wengine watano kwenye ile wodi, na kila mmoja ana fomu yenye saini yake.

Nakuomba jambo moja tu. Mwambie Baba kabla magazeti hayajamfikia, na umwambie yote kama nilivyoandika. Usimwambie nililazimishwa.

Nisalimie wote wa nyumbani, na umbusu Lucille kwa niaba yangu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Armande Thibodeau