Nusu ya Ukuta

Itiryo, jioni ya Krismasi, 1957

Bhoke mwanangu, hata kama hutayasoma haya, nakugombeza. Tangu mavuno hujakanyaga hapa. Najua mlipuko huu wa mafua umewafungia huko Nyarero, lakini nakugombeza tu.

Leo nimesiriba ukuta wa mbele peke yangu, mavi ya ng'ombe na majivu, nikachora maua kwa udongo mweupe. Jirani yangu Robi akakohoa kule uani kwake: "Mama Bhoke, unampambia nani? Wageni si wamekatazwa?"

"Nampambia Yesu. Wewe kalale, nitakuletea uji."

Mkono wangu umeishia nusu ya ukuta. Huko juu hupaka wewe. Nyumba imevaa sketi, haina blauzi. Nikacheka, halafu nikaona nacheka peke yangu.

Naogopa kuulizia kama bado unapumua vizuri.

Ukija, usinipe shikamoo kwanza. Paka huko juu, nikuone unavyonyoosha mikono.