Barua Iliyo Ndani ya Diski

Jumatatu, 27 Januari 2025

Nimepata barua ya mume wangu Mbusa na sikuisoma. Niandike vizuri jinsi ilivyokuwa, maana nitaulizwa, na wa kwanza kuniuliza ni mimi mwenyewe.

Saa mbili asubuhi nilifungua ofisi yetu hapa Bel-Air, mtaa wa huku kusini. Redio ya jirani ilikuwa inasema Goma imeingiliwa na waasi. Mume wangu yuko Goma tangu tarehe kumi, kwa ajili ya depo yetu ya maharage. Nikawasha kompyuta, nikabonyeza pokea. Barua moja tu, ya jana jioni, kutoka kwake. Nilisoma mstari wa kwanza: "Mama Shalom, kama network inakatika, usinipigie. Fanya hivi." Halafu umeme ukaenda.

Onduleur — kile kisanduku kinachoshika umeme robo saa — hakikuwepo. Ijumaa nilimwazima jirani yangu Jeanne kwa kilio cha baba mkwe wake, kwaya ipate mikrofoni. Kitu cha kilio mtu hakikatai. Mbusa mwenyewe angekibeba kichwani akipeleke.

Umeme uliporudi saa sita, mashine ilianza kugonga ndani. Tak, tak, tak. Kioo cheusi.

Na barua haipo mahali pengine! Sanduku letu kule kwenye server ni dogo, kopi za hati zikiingia tatu limejaa. Kwa hiyo tangu mwanzo Mbusa aliweka alama: barua ikishashuka kwetu, ifutwe kule. Miaka kumi na miwili ya barua, zote ndani ya mashine moja. Mimi ndiye mpangaji. Kila Januari nafungua folda mpya, 2013, 2014, hadi 2025. Nilikuwa najivuna na folda zangu. Mambo ya maana yeye haandiki kwenye simu, anasema simu inashikwa njiani na kusomwa, barua inalala nyumbani.

Kaandika nisipige. Nimepiga mara ishirini. Imezimwa.

Jumanne, 28 Januari

Redio: Kinshasa wanachoma matairi. Huku mvua tu, na watu wamesimama kwenye vibaraza wakiangalia simu.

Nimewasha mashine mara sita. Mara ya nne ilionyesha picha ya mwanzo na roho yangu ikaruka. Ikazima tena.

Shalom kaniuliza Papa alisema nini kwenye barua. Nimemwambia amemsalimia. Ana miaka kumi na sita, si mtoto wa kudanganywa. Akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

"Fanya hivi." Nifanye nini?

Alhamisi, 30 Januari

Nilibeba mashine mjini kwa Gérard, anayetengeneza kompyuta karibu na soko. Akaifungua, akasikiliza, akasema ni jambo dogo:

— Mama, hii ni Windows njo inakufa. Tutaformater. Kesho iko mupya kabisa.

Nikamuuliza barua zitakuwaje.

— Barua? Zitaenda. Lakini mashine itatembea muzuri.

Nilimnyang'anya mashine mikononi, bisibisi yake ikiwa bado ndani. Pengine amenitukana nikiondoka. Sikugeuka.

Jumapili, 2 Februari

Jeanne alinifuata baada ya misa. Tangu Jumatatu hanitazami usoni kwa sababu ya onduleur, ingawa sijamwambia neno. Anasema kaka yake wa Kolwezi aliwahi kutia diski kwenye congélateur siku nzima ikaamka. Baridi inakaza vyuma, eti.

Nimefanya. Naandika kwa haya, lakini nimefanya. Nilitoa diski mwenyewe, nikaifunga kwenye mifuko mitatu, nikailaza kati ya samaki. Jioni niliitoa, ikatoka jasho. Nikaiunganisha. Iligonga mara mbili, ikapiga mluzi mwembamba, ikanyamaza.

Sasa inanuka samaki. Nimelia, na kulia kwenyewe kumeniudhi. Basi.

Jumanne, 4 Februari

Kasapa. Padri wetu alinielekeza kwa Assistant Dominique, mhadhiri msaidizi wa chuo kikuu cha hapo, mtu mwembamba mwenye sweta hata kukiwa na joto. Kwanza alinusa diski. Hakucheka, nikampenda kwa hilo.

— Mama, umeiwasha mara ngapi?

Nilisema pengine kumi na tano. Akafumba macho.

— Usiiwashe tena. Kila mara unaiwasha, unaikula. Mule ndani kuko kichwa kinasoma, kiko kinagusa pale hakistahili kugusa. Siye hatutengenezi. Tutakopia tu kile kinabakia, pole pole, ku disque ingine.

Akaiunganisha na mashine yake dakika chache tu, apime. Nilishika msalaba wa shingoni. Ikagonga, ikagonga, ikatulia, ikasoma! Orodha ya folda zangu ikapanda kwenye kioo, 2013 hadi 2025, kwa mstari kama nilivyozipanga. Akazima mara moja. Nusura nimpige.

Akanieleza. Folda za zamani ziko mahali pazima. Ya 2025 iko mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu umeme ulipokatika mashine ilikuwa inaandika palepale, barua ileile. Desturi ya kazi yao ni kuanza na pazima, kuokoa kingi, na pabaya kuachwa mwisho. Mtu akianza na pabaya, kichwa kinaweza kufia pale na yote yakaenda.

— Unaenda kufikiri, Mama. Halafu unakuya kuniambia.

Kufikiri nini? Nilijua kabla hajamaliza.

Alhamisi, 6 Februari

Muhindo amefika kutoka Mokambo. Ni mdogo wake Mbusa, mulamu wangu, ndiye anayeangalia magari yetu mpakani. Matope hadi magotini. Hakukaa.

Dereva wetu Fils amekwama Mokambo na lori siku ya kumi na moja. Wanataka hati za lori. Hati zenyewe Mbusa alizibeba Goma, kwenye mkoba wake. Kopi zipo kwenye barua, mwaka tuliponunua lori, 2021. Fils analala ndani ya gari, ana malaria, na kuliacha hawezi, litamegwa hadi vioo.

Nikamweleza ya Dominique. Nilikosea kumweleza, au nilifanya vizuri, sijui.

— Mulamu, basi tuanze na 2021, anasema. Pale ni pazima. Tutoe makaratasi, Fils arudie. Halafu tutafute ya yaya Mbusa.

Nikasema la.

— Fils ni mutoto ya watu pia.

Najua. Nimemwambia najua. Nikamwambia pia kwamba kaka yake aliandika "fanya hivi", na siku kumi nzima hakuna aliyefanya. Kama aliniambia nimtumie mtu? Kama aliniambia niende mahali kumpokea? Fils tunajua alipo, ana sufuria na blanketi. Mbusa hatujui kama anapumua.

Muhindo aliangalia picha ya kaka yake ukutani, ile ya harusi yetu Butembo, suti pana.

— Yaya angeanza na Fils, akasema.

Nikamfukuza. Shemeji yangu, nyumbani kwangu, na mvua inanyesha. Akalala kwa Jeanne.

Ijumaa, 7 Februari

Dominique hakubali neno la mdomo. Kanipa karatasi niandike folda ipi ianze na kwamba nimeelezwa hatari. Nimeandika: 2025. Nimetia sahihi. Émerance Kavira, kwa mwandiko mzuri, kana kwamba mwandiko utasaidia.

Akasoma, akaikunja mara nne akaitia mfukoni mwa sweta.

— Ningekuwa na bibi wangu kule, nami ningefanya vile, akasema.

Hakusema kwamba ni sawa.

Jumatatu, 10 Februari

Inasoma kidogo, inakwama, anaizima ipoe, anaiwasha. Hakuna kitu.

Nimepiga simu ya Mbusa asubuhi. Napiga kila asubuhi kabla ya kuosha uso. Yule mwanamke wa kwenye simu anasema hapatikani. Nimeanza kumchukia kama jirani.

Jumatano, 12 Februari

Vipande vimeanza kutoka. Bei za maharage. Tangazo la hoteli. Barua ya tarehe 14 Januari ambapo Mbusa ananigombeza kwa kupeleka magunia bila kuyahesabu. Nimeisoma mara nne. Sijawahi kufurahi hivyo kugombezwa.

Ile ya tarehe 26 inaonekana jina tu. Ndani ni alama za kijinga, mistari na mistari.

Muhindo amekuja pamoja nami leo. Njiani alinishikia mwavuli. Fils amepelekwa kwenye kituo cha afya cha Mokambo. Hakuna aliyebaki kulinda lori. Alisema hivyo tu, bila kulaumu, na ingekuwa afadhali angelaumu.

Ijumaa, 14 Februari

Niko Kasapa. Naandikia magotini, nyuma ya chumba cha Dominique.

Barua imetoka. Yote, hadi jina lake chini. Dominique alinigeuzia kioo akatoka nje, nisome peke yangu. Nainakili hapa kwa mkono, sasa siamini tena mashine yoyote.

"Mama Shalom, kama network inakatika, usinipigie. Fanya hivi. Simu yangu naizima na kuificha, juu banapokonya watu simu mu njia. Mimi naenda kwa ule mwalimu alinilazaka mwaka ya volcan. Yeye iko na simu ya kidogo ya network ingine, anaizikaka chini bakipita; inapokea tu, crédit haina. Jina yake na numéro nilikuandikiaka ile wakati. Tafuta mu 2021, weye unapangaka yote. Mupigie yeye. Uniambie kama Fils alivuka Mokambo, na kama ku njia ya Bukavu bantu banapita. Ukisema nitoke, nitatoka. Ukisema nikae, nitakaa. Siwezi toka pale bila kusikia sauti yako. Nakungoja. Mbusa."

Nimeisoma, nikampa Muhindo. Ameisoma akisimama. Alipofika kwenye 2021 nilimwona, kidole chake kilisimama pale kwenye kioo. Nilitaka anitukane kwa Kinande, anipigie kelele mbele ya watu wa chuo, anikumbushe ni nani aliyesema tuanze na pazima. Alivuta kiti tu akakaa karibu yangu.

Siku kumi na nane. Nilidhani mume wangu amenyamaza. Kumbe ni mimi niliyenyamaza. Amekaa kando ya simu ya mwalimu siku kumi na nane, nami kila asubuhi nampigia mwanamke anayesema hapatikani.

Na jana redio imesema njia ya Bukavu si ya kupita tena. Ninalo jibu lake. Nikae. Kaa, Mbusa. Neno moja tu, na sina pa kulisemea.

Jina la mwalimu. Nilisoma barua ile mwaka wa volkano, nilicheka nikiisoma. Nakumbuka aliandika kwamba mwalimu anafuga simbiliki, vile vipanya vya kufugwa, chini ya kitanda, kumi na moja, na usiku kucha zinamlia kamba za viatu. Nakumbuka kumi na moja! Nakumbuka viatu vilikuwa vya kahawia. Jina sikulishika, kwa nini nilishike, lilikuwa kwenye folda. Nimemuuliza Muhindo, hajui, mwaka ule alikuwa Kasumbalesa. Kasereka? Kambale? Nusu ya Kivu ya Kaskazini ni Kasereka na Kambale.

Dominique amerudi. Nimemwambia 2021. Alinitazama kidogo, akaweka sikio juu ya diski kama daktari.

— Kichwa kimechoka, Mama. Pengine kiko na dakika kumi. Pengine hata moja hakuna. Lakini 2021 iko mahali pazima, ile sijabadilisha neno.

Muhindo akauliza tutoe kipi kwanza, barua ya mwalimu au hati za Fils, maana zote ziko humo. Kisha akajijibu mwenyewe:

— Ya mwalimu. Andika ya mwalimu.

Nikasema hapana, yoyote itakayokuja kwanza. Dominique akasema diski haituulizi sisi.

Amenipa karatasi nyingine ya kutia sahihi. Nimetia. Mwandiko mbaya safari hii. Nje wanafunzi wanaimba kitu, kwaya au maandamano, sijui. Muhindo ameshika kalamu na amekunja mkono wa shati, ataandika namba juu ya ngozi yake ikitokea tu.

Dominique ameunganisha waya. Inazunguka.

Haijagonga bado.