Kitanda cha Pili

Kibanda cha Mabegi,
Nyuma ya kituo cha mabasi.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa dada yangu Kijiko,

Hujambo huko uliko? Mgongo unaendeleaje? Najua kazi ya kuwainua wazee wa watu kitandani si mchezo, na wewe mwenyewe tangu utoto ni mwembamba kama mwiko. Baridi imepungua? Unakula? Usiniambie unakula mkate na chai. Hicho si chakula, hicho ni kusubiri chakula.

Sisi huku wazima. Watoto wazima, kelele zao ndizo cheti cha daktari. Mimi mwili mzima, ila roho ilikuwa inaumwa wiki tatu nzima, na aliyeniambukiza ni wewe.

Usishangae kupata barua. Simu ninayo, lakini chumba chetu unakijua: ukinong'ona dirishani, unajibiwa jikoni. Na wewe ukisikia sauti yangu tu unaanza kucheka kabla sijasema lolote. Kwa hiyo nimekaa kibandani, nimelaza begi kubwa limekuwa meza, naandika. Mwandiko usiucheke. Shule niliondoka kabla haijanizoea.

Wifi yako atakupigia simu kesho. Atakuambia ndiyo. Barua hii itafika baadaye, lakini nataka ujue hiyo ndiyo ilitoka wapi, maana haikutoka kirahisi.

Kwanza uliniumiza, Kijiko. Umepata likizo ya kwanza tangu uanze kazi, vizuri, nilifurahi. Umechagua kisiwa chenye mlima wa volkano, mchanga mweusi, maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto kama ya kuogea, vizuri pia. Halafu nikasikia hoteli imekupa chumba cha vitanda viwili, na nauli ya mtu wa pili unalipa wewe. Dada yangu, nilitoka pale nje nikanyoosha suruali! Nikajiambia, vitanda viwili, watoto wa tumbo moja, hesabu imekubali yenyewe.

Kumbe kitanda cha pili ni cha mke wangu.

Na hukuniambia mimi. Nilisikia mnavyocheka kwenye simu, "wifi yangu wee", "wifi yangu usinichekeshe", mpaka nikadhani mnamsengenya mtu. Kumbe mnachagua nguo za kuogelea. Mke wangu, Kijiko! Mtu ambaye mvua ikimpata anakimbia kama amefumaniwa!

Mimi nauza mabegi mwaka wa kumi na moja huu. Nimefunga mabegi ya maharusi, ya wanafunzi, ya wachezaji, hata ya mchungaji mmoja aliyebeba viatu vingi kuliko waumini wake. Zipu ngapi nimeshona ziende safari! Mwenyewe safari yangu ndefu ni ile ya kwenda kukupokea mizigo ukakosa basi. Sasa nikiambiwa watu wanakwenda kisiwani, na watu wenyewe wanatoka chumbani kwangu, unataka nifanyeje? Nipige makofi?

Basi nikaanza vituko. Nikamtisha. Nikamwambia ule mlima uko hai, unafuka moshi mchana kutwa, na siku ukikasirika hautangazi. Akaendelea kukunja nguo. Akasema, "Baba Watoto, wewe ukikosa chai asubuhi unafuka moshi, ukikasirika hutangazi, na nimekaa na wewe miaka yote hii. Mlima ndio utanitisha?"

Nikamwambia huko viatu vinayeyuka miguuni. Binti yetu mkubwa akaingilia kutoka mezani, na madaftari yake, "Si kweli, Baba. Wageni wanapelekwa upande uliopoa. Tena mwalimu ametuambia yale mawe yaliyoyeyuka yakimwagika baharini yanaganda, yanakuwa nchi kavu mpya." Mama yake akaacha kukunja. Akamwambia, "Hebu rudia hapo kwenye nchi mpya." Nikajua nimeumia. Mtoto wangu mwenyewe, ada nalipa mimi, anamfanyia kazi shangazi yake.

Lakini wifi yako naye ana msimamo wake. Hakusema anakwenda. Alisema, "Mimi siondoki mtu amenuna mlangoni. Useme mwenyewe, kwa mdomo wako, bila mzaha, niende. Usiposema nampigia wifi achukue yule mpishi wa kazini kwake." Na wewe ulishampa mwisho kesho Jumatatu.

Kijiko, unanijua. Kitu pekee nisichoweza ni hicho cha bila mzaha. Nikamwambia, "Nenda bwana, nani amekufunga kamba?" Akasema, hiyo hapana. Siku nyingine, "Nenda, ukirudi utuletee kipande cha mlima tuchemshie maji." Akasema, hiyo pia hapana. Nikajaribu kwa sauti nzito kama mtangazaji wa habari. Akanitazama, akachukua ndoo akatoka.

Alhamisi akanijia kazini. Alikuwa ametoka kufagia zile ofisi zake, bado na koti la bluu la kazi, tambara linaning'inia mfukoni. Akasimama mbele ya kibanda kama hanijui.

"Mwenye mabegi, lile la kijani linauzwaje?"

"Lile zipu haifungi, mama."

"Na lile la chini?"

"Gurudumu bovu."

"Na hili jekundu?"

"Hilo lina mwenyewe."

"Nani?"

"Bado hajajulikana."

Yule jirani yangu muuza mikanda, mdomo wake haujawahi kuwa na kufuli, akadakia: "Wewe! Si asubuhi hii umemwapia mteja kwamba zipu ya hilo la kijani hata mwizi ataisifu? Mama, usidanganywe. Huyu hana begi bovu hata moja. Huyu ana wivu!"

Wakacheka wote, mpaka abiria waliokuwa wanapita. Mimi nikacheka kuliko wote, ndiyo kazi yangu. Mke wangu hakucheka. Akasema, "Haya, kazi njema," akaenda zake. Sikuuza kitu tena siku ile. Kila begi nililoshika liliniuliza linakwenda wapi.

Jana mchana watoto walikuwa nje. Yeye alikuwa anapangusa sakafu yetu, kinyumenyume kuelekea mlangoni, mimi nimekaa kitandani nimeinua miguu kama ninavyoamriwa siku zote. Hakuwa anaimba. Mke wangu akipangusa huimba, wewe unajua. Akasema bila kunitazama, "Kesho kutwa nitampigia wifi nimwambie amchukue mpishi. Nimechoka kusubiri."

Nilikuwa na utani tayari mdomoni, Kijiko, mzuri sana. Ukanikwama. Nikasema, "Nina wivu."

Tambara likasimama.

Nikasema, "Nina wivu nawe. Nina wivu na dada yangu kwa kukuita wewe. Nina wivu hata na hicho kitanda. Ningetaka kwenda mimi. Nikikutazama unavyofurahi naona kama unafurahi kuondoka kwangu."

Akakaa palepale kwenye sakafu yenye maji. Nikamuuliza, "Huko unafuata nini hasa?"

Akakamua tambara. Kisha akasema, "Kila ninapokanyaga, nakuta uchafu wa mtu. Ofisini, ngazini, hapa. Nikimaliza wanapita, naanza tena. Mtoto aliposema kuna nchi mpya inayotoka baharini, nikasema, pale hapajafagiwa na mtu yeyote. Hapahitaji. Nataka nisimame pale, mikono mitupu, basi. Nikishasimama narudi."

Kijiko, miaka yote hii naishi na mtu huyu, nilidhani anataka mchanga na picha.

Nikamwambia, "Nenda."

Akanitazama usoni, anatafuta utani umejificha wapi. Hakuukuta. Akasema, "Hiyo nimeisikia." Akainuka, gauni limelowa nyuma lote, akamalizia kona iliyobaki. Alipofika mlangoni akawa anaimba.

Kwa hiyo lipia, mdogo wangu. Begi ni lile la kijani, zipu nimeikagua mara mbili. Watoto nitawaangalia, tutakula vilivyoungua, hatutakufa.

Wivu usidhani umepona. Msinitumie picha nyingi, mtaniua. Na mkifika kwenye hiyo nchi mpya, nakuomba kitu kimoja: usimwite, usimcheke, usimwambie wageni wanasubiri. Rudi nyuma hatua chache, umwache asimame mpaka atosheke.

Nisalimie yule bibi unayemhudumia, anayekuita kwa jina la bintiye. Mwambie na mimi ni mwanawe basi. Mpishi wa kazini kwenu mwombe radhi kwa niaba yangu, alikosa nafasi dakika za mwisho. Shangazi mshonaji anakusalimia, anauliza utaolewa lini, nimemwambia akuulize mwenyewe. Watoto wanakubusu wote, hata huyu mdogo asiyekujua.

Mungu awashike mkono mkipanda na mkishuka, na mlima huo ulale usingizi mzito siku zote mtakazokuwa pale.

Mimi kaka yako nikupendaye, hata nikiwa nimenuna,
Zipu.